Shangazi Hakuwa na Ukoma

Waliosikiliza kipindi chetu juma lililopita watakuta hapa mambo ambayo wamekwisha kuyasikia, pamoja na machache ambayo dakika kumi za redio hazikutosha kuyasema. Wasikilizaji kadhaa waliomba yaandikwe ili wayakate na kuyaweka. Wapo waliosema wanataka kumpelekea jirani. Haya basi.

Nimekulia Majengo, hapa Dodoma, si mbali na soko, katika nyumba ya vyumba sita yenye ua wa pamoja. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli. Nje ya jiko letu palikuwa na msumari, na kwenye msumari huo lilitundikwa bakuli moja la bati lenye maua ya kijani. Vyombo vingine vyote vilioshwa pamoja na kuanikwa pamoja kwenye kichanja. Bakuli lile lilioshwa peke yake na kurudishwa kwenye msumari wake. Lilikuwa la shangazi, dada mkubwa wa baba. Sisi watoto hatukukatazwa kwa fimbo kuligusa. Tulijua tu.

Shangazi alianza kutoka mabaka mwaka wa Uhuru, 1961, akiwa mwanamke kijana aliyeolewa karibuni huko kijijini. Yalianza viwikoni na magotini, yakapanda mgongoni, yakaingia kichwani chini ya nywele. Yalikuwa mazito, ya rangi ya zambarau iliyofifia na kuelekea kijivu, na juu yake palikuwa na magamba meupe yaliyodondoka kila alipovua nguo. Mumewe alimrudisha kwa wazazi. Wazazi wakampeleka kwa mganga, mganga akamchanja chale kifuani na kupaka dawa. Majuma machache baadaye, juu ya kila mstari wa chale, pakaota magamba yale yale, yamenyooka kama yamechorwa kwa rula. Kijiji kizima kikakubaliana kwamba sasa jambo limethibitika: huyu karogwa. Waliokuwa na msimamo wa kisasa zaidi wakasema si kurogwa, ni ukoma.

Mwaka 1963 akachukuliwa kwenda kwenye kambi moja ya wagonjwa wa ukoma. Sitaitaja kambi hiyo, maana waliomhudumia wengi wao walikuwa watu wema, na walimeza makosa waliyoyakuta kama sisi sote tunavyomeza. Akakaa huko miaka ishirini na mmoja. Alipewa vidonge vya dapsoni, dawa iliyokuwa ndiyo tegemeo la tiba ya ukoma nyakati zile, na akavimeza kwa utii mwaka baada ya mwaka. Vidole vyake havikukatika, uso wake haukubadilika, na mabaka hayakuondoka. Yalipungua kiangazi, yakarudi.

Mwaka 1977 serikali ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, na miaka ya 1980 ikaja tiba mpya ya kuchanganya dawa kadhaa, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 1982. Kabla ya kumwanzishia mtu tiba mpya ilibidi majalada ya zamani yafunguliwe na mgonjwa apimwe tena. Ndipo mwaka 1984 mkaguzi mmoja akamkalisha shangazi kwenye kiti, akamwambia afumbe macho, akachukua pamba iliyosokotwa ncha na kumgusa nayo juu ya baka. "Umeguswa wapi?" Shangazi akaonyesha kwa kidole, pale pale. Akamgusa kwingine, akaonyesha. Akampapasa mishipa ya fahamu ya viwikoni na shingoni, haikuwa imevimba. Akachukua majimaji ya ngozi yakaangaliwe kwa darubini, hapakuwa na kijidudu. Kisha akamwuliza swali ambalo, shangazi alisema, hakuna mtu aliyewahi kumwuliza kwa miaka yote ile: "Mama, haya yanawasha?"

Yanawasha! Usiku kucha yanawasha. Baka la ukoma halina hisia. Unaweza kulichoma kwa sindano mwenyewe asitingishike. La shangazi lilimnyima usingizi kwa miaka ishirini na tatu.

Akarudi Majengo na karatasi yenye mhuri. Karatasi ilisema hana ukoma, na mwishoni paliandikwa neno moja refu ambalo hapana mtu nyumbani aliyeweza kulisoma. Baba alilitazama, akaikunja karatasi, akaitia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Bakuli likatundikwa kwenye msumari. Nilikuwa na miaka sita.

Neno lile lilikuwa jina la ugonjwa ambao mimi nitauita soriasisi, kwa sababu Kiswahili bado hakijatulia juu yake. Jina lisipokuwapo, ugonjwa huazima jina la jirani. Utasikia watu wakiuita mba, choa, ukurutu, pumu ya ngozi, upele sugu, hata mbalanga, ilhali kila jina kati ya haya lina mwenyewe. Wazungu nao, tusije tukadhani walikuwa na nafuu, walitangatanga katika msitu huo huo kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na kutangatanga kwao ndiko kulikomfikisha shangazi yangu kambini.

Wayunani wa kale walikuwa na maneno mawili. "Psora" lilikuwa la mambo yanayowasha. "Lepra" lilikuwa la mambo yenye magamba, kutokana na neno lao la gamba la samaki. Ukoma halisi, ule unaokula vidole, waliuita kwa jina tofauti kabisa lililotokana na tembo. Kisha Wayahudi wa Alexandria walipotafsiri Maandiko yao kwa Kiyunani, walikutana na neno la Kiebrania lililotaja aina nyingi za unajisi wa ngozi, wakaweka hapo "lepra". Fungua Mambo ya Walawi, sura ya 13 na ya 14, uone mwenyewe: neno hilo hilo linatumika kwa doa kwenye nguo na kwa ukungu kwenye ukuta wa nyumba. Tangu lini ukuta ukawa na ukoma? Na imo sheria ya ajabu kwamba mtu ambaye ugonjwa umemfunika kutoka kichwani hadi miguuni, akawa mweupe mwili mzima, kuhani amtangaze kuwa safi. Gehazi naye, baada ya kumlaghai Naamani, alitoka mbele ya Elisha akiwa mweupe kama theluji. Ukoma tunaoujua haumfanyi mtu kuwa mweupe kama theluji. Magamba hufanya hivyo.

Kosa la pili likaja katika karne za kati. Waganga wa Kiarabu walikuwa wameueleza ukoma vizuri, wakauita kwa jina ambalo sisi wa pwani na bara tumelirithi, jedhamu. Vitabu vyao vilipotafsiriwa kwenda Kilatini, watafsiri wakaweka "lepra" mahali pa jedhamu. Hivyo neno la magamba likavishwa ugonjwa wa kukatika vidole, na mwenye magamba Ulaya akajikuta anasukumwa nje ya mji pamoja na mkoma.

Kulifumbua fumbo hilo kulichukua muda. Robert Willan, daktari wa London, aliueleza ugonjwa huu kwa makini mwaka 1808, lakini akaugawa kwa majina mawili na moja akaliacha liitwe "lepra". Mwaka 1841 Ferdinand von Hebra huko Vienna akasema yote mawili ni ugonjwa mmoja na hauhusiani na ukoma. Mwaka 1873 Gerhard Armauer Hansen, katika mji wa Bergen nchini Norway, akakiona kijidudu cha ukoma chenyewe. Kutoka hapo hadi siku shangazi alipopandishwa gari kwenda kambini ni miaka 90. Habari hutembea polepole, hasa ikielekea vijijini.

Na zile chale? Nazo zina historia yake. Katika miaka ya 1870 daktari Mjerumani aitwaye Heinrich Koebner alikuwa na mgonjwa mwenye soriasisi ambaye magamba yalimtokea mahali alipoumwa na farasi, kisha yakamtokea juu ya mchoro aliochanjwa mwilini. Koebner akatambua kwamba ngozi ya mtu mwenye ugonjwa huu ikijeruhiwa, ugonjwa hufuata jeraha. Mkwaruzo, moto, mkanda unaobana, hata kujikuna kwa kucha kunatosha. Mganga wa kijijini hakumroga shangazi wala hakugundua mchawi. Alifanya bila kujua jaribio lile lile la farasi.

Habari ya dawa inanifurahisha zaidi kwa sababu inapita Bahari ya Hindi na, kwa namna ya pekee, inapita Dodoma. Palikuwa na unga wa njano-kahawia uliotoka kwenye mti wa Brazil, Wareno wakaupeleka Goa, na huko ukauzwa kama dawa ya choa. Katika miaka hiyo hiyo ya 1870 daktari Balmanno Squire wa London alimpata mgonjwa wa soriasisi aliyekuwa amejidhania ana choa, akajipaka unga wa Goa, na mabaka yakafifia. Unga ukawa dawa mashuhuri Ulaya. Ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Meli za Waingereza zikaziba njia, Wajerumani wakakosa unga wa Brazil, wakalazimika kutengeneza mfano wake kiwandani. Dawa hiyo, dithranoli, ikaanza kutumika mwaka 1916 na imetumika karibu karne nzima.

Mwaka huo huo, mwishoni mwa Julai 1916, majeshi ya Jenerali van Deventer yaliingia Dodoma na kuwafukuza Wajerumani hao hao. Nyuma yao, baada ya pande zote mbili kukomba ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, ikaja njaa ambayo wazee wa Ugogo waliiita Mtunya. Vita moja ikampa dawa mgonjwa wa Berlin na ikamnyang'anya chakula bibi yangu. Sina la kusema juu ya hilo ila nimeona liandikwe.

Yaliyofuata nayapitia haraka. Mwaka 1925 William Goeckerman huko Marekani aliunganisha lami ya makaa ya mawe na mwanga wa mionzi. Mwaka 1952 zikaja krimu za kwanza za steroidi. Miaka ya 1950 ikagunduliwa kwamba dawa za kuzuia seli za saratani zisiongezeke ovyo zinapunguza magamba, na methotreksati ikatokana na hapo. Tangu mwaka 2003 zimekuja sindano za kisasa zinazolenga kinga ya mwili moja kwa moja. Zinafanya maajabu, na bei yake ni maajabu pia.

Maana sasa inajulikana kinachotokea. Si uchafu, si damu chafu, si mdudu. Ni askari wa kinga ya mwili waliopewa amri ya uongo. Ngozi ya mtu wa kawaida hujibadilisha kwa muda wa kama mwezi mmoja. Ya mwenye soriasisi hukimbia na kumaliza kazi hiyo kwa siku chache, seli zinapandana kabla hazijakomaa, nazo ndizo magamba. Hauambukizi kwa kugusana, kwa kitanda, kwa kitana, kwa maji, kwa kunyonyeshana, wala kwa bakuli. Hurithiwa kwa sehemu: mzazi mmoja akiwa nao, uwezekano wa mtoto kuupata ni yapata asilimia 14, wakiwa nao wote wawili, yapata asilimia 41.

Mimi niliupata mwaka 1998. Nilikuwa na miaka ishirini, niko Dar es Salaam nasomea stashahada ya uandishi wa habari. Nikashikwa na malaria, nikapewa klorokwini kama Mtanzania yeyote wa siku zile. Malaria ikaondoka. Majuma mawili baadaye mwili wangu uliwaka kuanzia kichwani hadi unyayoni. Nilidhani ni ule mwasho wa klorokwini tuliouzoea, lakini mwasho hauna magamba. Leo ni jambo lililo wazi katika vitabu vya tiba kwamba klorokwini inaweza kuuamsha ugonjwa huu kwa mtu aliyeubeba. Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwezi Agosti 2001 kwa sababu vimelea walikuwa wameizoea, si kwa ajili yetu sisi wenye magamba. Hata hivyo tulinufaika.

Msomaji aliyekuwa mtu mzima mwaka 1998 anajua msichana mwenye vidonda mwili mzima alisomekaje. Shangazi aliitwa mkoma. Mimi niliitwa jina la zama zangu. Wenzangu wa bweni walihamisha magodoro kimya kimya. Msusi mmoja aliyafungua nywele zangu, akayaona magamba kichwani, akanirudishia hela yangu akiwa ameishika kwa ncha za vidole. Nilipima, nikakutwa sina virusi, na sikuwa na mtu wa kumwonyesha karatasi. Ukweli ni kwamba hofu yao haikuwa ya kipumbavu kabisa: katika miaka ile madaktari walikuwa wamekwisha kuona kwamba soriasisi kwa mtu mwenye virusi vya Ukimwi hulipuka vibaya mno. Ila kutoka "baadhi" kwenda "huyu" ni hatua ndefu.

Niliichagua redio mwaka ule. Nimewaambia watu sababu nyingine nyingi kwa miaka mingi. Sababu ya kweli ni kwamba sauti haina ngozi.

Kabla ya kupata jina la ugonjwa wangu nilipoteza miaka miwili kwa krimu za dukani. Kuna krimu yenye klobetasoli, steroidi kali, ambayo ilikuwa ikiuzwa kama sabuni, na iliyopendwa na wapaka mkorogo kwa kuwa inachubua. Ukijipaka, magamba yanayeyuka kwa juma moja unaimba zaburi. Ukiacha ghafla yanarudi na ndugu zake. Nikajipaka zaidi. Ngozi ya mapaja ikawa nyembamba kama karatasi ya sigara na mistari ambayo ninayo hadi leo. Mwaka 2003 Bunge lilipitisha sheria iliyoanzisha Mamlaka ya Chakula na Dawa, na krimu zenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi zikapigwa marufuku kuuzwa kama vipodozi. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango. Sheria ipo. Piteni sokoni mwone na krimu zipo.

Aliyenipa jina ni mganga msaidizi mmoja aliyekuwa amerudi kutoka Moshi. Pale KCMC, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kilianzishwa chuo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kikichukua waganga wasaidizi kutoka Tanzania na nchi nyingine za Afrika na kuwafundisha kwa miaka miwili, ili mikoa ambayo haitapata daktari bingwa wa ngozi leo wala kesho iwe walau na mtu anayejua anachokitazama. Huyu wa kwangu hakuniandikia kitu kabla ya kunitazama. Alikwangua gamba kwa ukingo wa kioo, likatoka jeupe kama nta ya mshumaa. Akakwangua zaidi, vikatokea vitone vidogo vya damu kama vya sindano. Akatazama kucha zangu, zilikuwa na vishimo kama vya kastabini. Akaandika neno kwenye karatasi. Nililitambua umbo lake kabla sijalisoma.

Tuje sasa kwenye maisha ya kila siku, maana ndiyo yaliyoulizwa zaidi. Ugonjwa huu hauna tiba ya kuumaliza. Anayekuambia anayo, kwenye bango au kwenye redio, hata ikiwa redio yangu, anakuuzia maji. Lakini unatawalika, na sehemu kubwa ya utawala huo ni ya bei nafuu.

Sisi wa Dodoma tuna hali ya hewa yenye pande mbili. Tuna jua, ambalo ni dawa. Mwandishi Mmarekani John Updike, aliyekuwa na ugonjwa huu tangu utoto, alikuwa akisafiri wakati wa baridi kwenda visiwa vya Karibiani ili tu alale juani. Mimi hutoka uani asubuhi na viwiko na miguu wazi, dakika kumi hadi kumi na tano, basi. Likizidi likaunguza, Koebner na farasi wake wanarudi. Upande wa pili ni upepo. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa hapa unakausha kila kitu, na ngozi kavu hupasuka, na penye ufa pana gamba. Kwa hiyo mafuta ya mgando ni chombo cha kwanza cha nyumba yangu, kabla ya chumvi. Naoga maji ya uvuguvugu, si ya moto, bila dodoki wala jiwe, sabuni isiyo kali, na ngozi ikiwa bado na unyevu napaka mafuta mazito. Narudia usiku. Mafuta ya mgando hayana harufu ya kuvutia na yanachafua shuka. Shuka hufuliwa.

Magamba mazito hulainishwa kwanza kwa dawa yenye asidi ya salisili au lami, ndipo dawa nyingine ipenye. Steroidi si adui. Adui ni kujipangia. Hutumika mahali palipoonyeshwa, kwa muda uliotajwa, na hupunguzwa taratibu. Ugonjwa ukienea sana hospitali huweza kuandika methotreksati, na hapa naomba msomaji asome mara mbili: kwa ugonjwa huu humezwa mara moja kwa juma, si kila siku. Watu wamekufa duniani kwa kosa hilo moja. Hupimwa damu na ini, pombe huachwa, na mwanamke hashiki mimba akiwa anaitumia. Ukienda hospitali kwa malaria, shinikizo la damu au ugonjwa wa akili, taja kwamba una soriasisi, maana baadhi ya dawa za maradhi hayo huichochea. Mtoto akiumwa koo usipuuze. Maambukizi ya koo yanaweza kutangulia mlipuko wa mabaka madogo madogo mwili mzima. Ukiamka viungo vimekaza na vidole vimevimba kama soseji, sema mapema, kwa kuwa ugonjwa huu hushuka kwenye viungo vya baadhi yetu na kuviharibu moja kwa moja. Divai yetu ya Dodoma naisifia wageni tu. Sigara sijawahi.

La rohoni ni gumu kulipakia mafuta. Kukosa usingizi, kuvaa mikono mirefu Oktoba, kukaa kiti cha mwisho kwenye daladala ili mtu asikutazame kisogo. Kuna siku nilizotamani niwe na ugonjwa unaoua, kwa sababu wa hivyo huonewa huruma.

Tuko wangapi? Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 inasema angalau watu milioni 100 duniani wana ugonjwa huu, na katika nchi zilizohesabiwa kiwango kidogo kabisa ni cha Tanzania, asilimia 0.09, kutokana na uchunguzi wa vijijini wa miaka ya 1990. Tufanye hesabu ya mkono. Sensa ya 2022 ilitukuta watu 61,741,120. Hata kwa kiwango hicho cha chini kuliko vyote ni zaidi ya watu 55,000, wanaojaza uwanja mkubwa wa mpira na wengine wakabaki nje getini. Nami nina shaka na hesabu yenyewe, kwa maana shangazi yangu kwa miaka ishirini na mmoja alihesabiwa, ila kwenye daftari jingine. Tena ngozi nyeusi haiwi nyekundu kama picha za vitabuni. Huwa ya zambarau, kahawia au kijivu, na baka likipona huacha kivuli kwa miezi. Anayetafuta wekundu hatauona.

Mwaka 2014 Baraza la Afya Duniani huko Geneva lilipitisha azimio likizitaka nchi zipambane na unyanyapaa wa ugonjwa huu, na kila tarehe 29 Oktoba ni siku yake. Nimewahi kutangaza siku hiyo kwenye habari bila kusema kwamba ni yangu.

Nasema sasa kwa sababu ya binti yangu. Ana miaka kumi na mitatu. Januari alitoka baka nyuma ya sikio, Machi likafika kwenye nywele na viwiko. Mwezi uliopita alirudi kutoka shuleni na ujumbe kwamba alete barua ya daktari kuthibitisha si fangasi, na kwamba wakati tunasubiri barua, aje na kikombe chake mwenyewe cha uji. Aliuwasilisha ujumbe huo kama anavyowasilisha ujumbe wa michango, bila kuinua macho.

Barua nimekwisha kuipeleka. Lakini jioni ile, kabla ya barua, niliingia uvunguni nikalivuta sanduku la bati. Shangazi alifariki mwaka 1992, bakuli likiwa bado kwenye msumari. Karatasi yenye mhuri haikuwahi kulishusha. Nikamfungulia mwanangu karatasi ile. Akaisoma kutoka juu, polepole, hadi kwenye lile neno la mwisho, akalisoma bila kukwama. Kisha akalirudia, na kunisahihisha mimi ninavyolitamka.

Akaniuliza bakuli lenyewe liko wapi. Nikamwambia ni lile la maua ya kijani, analonywea uji kila asubuhi tangu aote meno.